DIPLOMA YA MIFUGO INALETA FARANGA NGAPI?

Somo letu la leo limetokana na swali la mwenzetu mmoja afanyaye kazi machinjioni hapa Bujumbura. Alifika ofisini kwetu jioni, buti za kazi zikiwa bado miguuni, akasema: "Ndugu zangu, binti yangu amekubaliwa Chuo Kikuu kusoma mambo ya mifugo. Na duka moja la dawa za mifugo linamtaka aanze kazi mwezi ujao. Mimi najua kuchuna ng'ombe, sijui kupima diploma. Hiyo karatasi italeta faranga ngapi?"

Baadhi ya waliokuwapo walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu swali hilo ni la kazi na mshahara, nalo lina hesabu yake. Huko Buyenzi na Bwiza tunasikia majibu mawili tu. Mmoja husema asiye na diploma si mtu. Mwingine husema babu zetu walichunga ng'ombe bila kwenda shule. Wote wawili hawajashika kalamu.

Kwanza tujue elimu yenyewe. Watu huichanganya na udaktari wa mifugo. Daktari hutibu mnyama mgonjwa. Aliyesoma sayansi ya wanyama, ambayo wakubwa wetu waliosoma Kifaransa huiita zooteknia, hushughulika na mnyama mzima: ale nini, apandwe lini na dume gani, alale wapi, na mwisho wa mwezi amemwachia mwenyewe faida au hasara. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964, hufundisha elimu hiyo katika kitivo cha kilimo. Utafiti unafanywa na ISABU, ambayo ipo tangu mwaka 1962. Katika kituo chake cha Mahwa ng'ombe wetu wa Ankole walipandishwa na Sahiwal ili kuongeza maziwa. Kazi ya namna hiyo hukamilika baada ya miaka mingi, wala haifanywi kwa kubahatisha.

Sasa hesabu. Namba tunazotumia ni za mfano. Kila mzazi aweke zake.

Tuseme duka linamlipa binti faranga 150,000 kwa mwezi. Akienda Chuo miaka mitatu, yaani miezi 36, anakosa faranga 5,400,000. Tuongeze basi, madaftari na fotokopi, faranga 40,000 kwa mwezi: hizo ni 1,440,000. Chakula cha nyumbani tusikiweke, maana angekula hata angekuwa dukani. Jumla diploma imegharimu faranga 6,840,000. Wengi husahau ile hesabu ya kwanza. Husema masomo yamegharimu karatasi na basi tu, kumbe gharama kubwa ni mshahara ambao haukuingia.

Na buruse je? Tangu mwaka 2017 serikali iliigeuza kuwa mkopo, na wanafunzi waligoma kwa sababu hiyo. Basi fedha hiyo isiandikwe kama pato. Ni deni. Itasaidia kupita mwezi, lakini itadaiwa.

Tuseme sasa amemaliza na amepata kazi ya faranga 270,000 kwa mwezi. Diploma inamwongezea faranga 120,000. Gawanya 6,840,000 kwa 120,000, utapata miezi 57. Ni miaka minne na miezi tisa kabla karatasi haijarudisha gharama yake. Baada ya hapo ndipo inapoanza kuzaa. Lakini akikaa miaka miwili bila kazi, kama tunavyowaona vijana wengi mjini, ameongeza hasara ya faranga 3,600,000. Jumla inakuwa 10,440,000, na miezi inafika 87. Miaka saba na robo! Tena faranga ya mwisho haina nguvu ya faranga ya kwanza. Mwezi Mei 2023 faranga yetu ilishushwa mno mbele ya dola kwa siku moja, na mwenye mshahara usiobadilika ndiye aliyeumia.

Kwa hiyo diploma haina bei moja. Bei yake inategemea nani atamlipa aliyeisoma, na kwa mkataba gani. Hapa kuna milango mitatu.

Mlango wa serikali ni mwembamba, na mshahara wake si mkubwa, lakini unakuja kila mwezi na una akiba ya uzee. Hatuna mengi ya kusema juu yake. Walio ndani wanaujua na walio nje wanaungoja.

Mlango wa miradi ndio unaowavuta vijana, na ndio tunaotaka wausome kwa makini zaidi. Kijana anarudi nyumbani anaruka: "Nimepata laki tano!" Tumwombe mkataba tuusome pamoja. Mara nyingi ni wa miezi minane, baada ya hapo atangoja. Laki tano mara nane ni faranga 4,000,000. Pikipiki anapewa, lakini mafuta ananunua mwenyewe, tuseme 60,000 kwa mwezi: toa 480,000. Zinabaki 3,520,000. Zigawanye kwa miezi 12 ya kula na kulipa nyumba, utapata kama 293,000 kwa mwezi. Laki tano imekwenda wapi? Tena tazama kama mwajiri anamwandikisha INSS. Asipomwandikisha, kijana atazeeka bila akiba hata kama amezunguka milima yote ya nchi akichanja mbuzi. Na mwajiri asije akajitetea kwa kima cha chini cha mshahara. Kima kilichowekwa mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku mjini Bujumbura na 105 mikoani, kikaachwa hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Faranga 160 hazimlipii mtu hata safari moja ya basi.

Mlango wa tatu ni kujitegemea. Hapa wengi hudharau, nasi tunakiri kwamba zamani tulidharau pia. Lakini sheria ya mwaka 2018 imekataza mifugo kuzurura na kutaka ifungiwe zizini. Aliyezoea kuachia ng'ombe malishoni sasa lazima apande majani, akate, alishe, na ahesabu. Huyo anahitaji mtu wa kumshauri.

Chukua jambo moja dogo. Ng'ombe jike hutaka dume kila baada ya siku 21 hivi, na dalili hudumu chini ya siku moja. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni ya siku hiyo. Akionekana jioni, apandishwe kesho asubuhi. Mfugaji asipoziona dalili, amepoteza siku 21: analisha ng'ombe asiye na mimba, na ndama na maziwa mapya vinachelewa. Majani na mchungaji vikigharimu faranga 2,000 kwa siku, kosa moja ni 42,000, makosa matatu ni 126,000. Anayekuja kwa wakati na mbegu nzuri akiomba 15,000 hajamwibia mtu.

Au kuku. Kuku mmoja wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku, hivyo kuku 100 hula kilo 360 kwa mwezi. Chakula ndicho gharama kubwa ya kuku, hushinda zote nyingine zikijumlishwa. Mtu anayejua kuchanganya pumba za mchele wa Imbo, mashudu ya mawese ya Rumonge na unga wa ndagala kwa vipimo sawa, akipunguza faranga 200 kwa kilo bila mayai kupungua, amemwokolea mwenye kuku 72,000 kwa mwezi. Hapo zooteknia inaonekana kwa macho. (Wenye ng'ombe karibu na mji wanaijua thamani ya machicha ya Brarudi, ila wengi humwaga tu bila kupima, kisha wanashangaa mnyama anaharisha.)

Lakini tusidanganyane. Mlango huu una hatari yake. Ilipozuka Homa ya Bonde la Ufa mwaka 2022, masoko ya ng'ombe yalifungwa na mifugo ikazuiwa kuhamishwa. Aliyeishi kwa kumhudumia mfugaji alikosa fedha pamoja na mfugaji, na wenzetu wa machinjioni wanakumbuka siku hizo. Homa ya nguruwe nayo haina dawa: ikiingia bandani asubuhi, mwezi haumaliziki kabla banda halijabaki tupu. Anayejitegemea lazima aweke kando miezi mitatu ya chakula kabla hajaacha mshahara.

Tulimsomea mwenzetu hesabu hizi zote. Alinyamaza, kisha akauliza kama miezi 57 haiwezi kupunguzwa. Tulimwambia arudi dukani pamoja na binti, waombe kazi ya Jumamosi tu. Mwenye duka alikubali kwa faranga 40,000 kwa mwezi, naye binti akaomba iandikwe. Hizo ndizo za basi na fotokopi. Gharama imebaki 5,400,000, na miezi imeshuka kutoka 57 hadi 45. Mzee alikunja ile karatasi yetu ya hesabu akaitia mfukoni, akasema ataionyesha kwa mama watoto kabla ya kulala.