Rispa Hakuambiwa Asonge Mbele

Somo: 2 Samweli 21:1-14

Rispa alikuwa suria wa Sauli. Wanawe wawili waliuawa kwa sababu ya damu iliyomwagwa na baba yao. Akatandika gunia mwambani, akakaa hapo tangu mavuno hadi mvua, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hatusomi popote kwamba mtu alimwambia, "Mama, samehe, songa mbele."

Hapa Kitale na Bungoma tunasali na akina Rispa. Ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi la SLDF, na kati ya 2006 na 2008 vijana wake waliingia nyumba za watu Mlima Elgon, wakaua, wakakata masikio. Mamia walikufa, maelfu wakashuka huku. Machi 2008 jeshi likaleta Operesheni Okoa Maisha. Kiongozi wa kundi, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei. Lakini wanaume wengi walipelekwa kambi ya Kapkota wakateswa, na wengine hawajaonekana mpaka leo.

Kwa hivyo kuna nyumba zilizolia mara mbili. Mama mmoja, mumewe aliuliwa mlangoni na vijana wa kundi, halafu mwanawe akapakiwa kwenye lori la jeshi. Mume ana kaburi. Mwana hana. Watu humwuliza kama amesamehe. Mimi nilimwuliza anataka nini. Akasema, "Pasta, nipate hata mfupa nizike."

Daudi aliposikia habari za Rispa hakutuma pole tu. Alikwenda akakusanya mifupa, ikazikwa, na baada ya hayo Mungu akasikia maombi ya nchi. Someni aya ya 14 polepole. Kusamehe ni amri, sikatai, lakini sisi tumekuwa wepesi kudai msamaha na wazito kubeba jeneza.

Tena (wengine watanuna) Rispa alitoka nyumba yenye hatia. Mama wa kijana wa SLDF aliyepotea naye analia.

Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inaruhusu mtu asiyesikika miaka 7 ahesabiwe amekufa. Bila cheti cha kifo, shamba linabaki kwa jina la aliyepotea na watoto wanahangaika. Jumatano baada ya maombi wazee watakaa na familia hizo. Leteni majina, nakala ya kitambulisho kama ipo, na barua ya chifu. Wengine njooni tu mkae nao.