Minyoo ya sokwe hutambuliwaje?

Swali: Watafiti hujuaje sokwe wa porini ana minyoo gani bila kumkamata?

Jibu: Kwa kuchunguza kinyesi. Katika Milima ya Mahale, magharibi mwa Tanzania, watafiti huwafuata sokwe kwa miguu na kuokota kinyesi kikiwa bado kibichi, kabla minyoo ya udongoni haijakiingia. Sampuli nyingine huhifadhiwa kwa fomalini kwa ajili ya hadubini, nyingine kwa ethanoli kwa uchunguzi wa DNA.

Maabarani, kinyesi huchanganywa na maji yenye chumvi nyingi ili mayai mepesi yaelee. Mayai mazito hutafutwa kwenye mashapo.

Ugumu hauishii hapo. Mayai ya Oesophagostomum, mnyoo anayesababisha vinundu kwenye utumbo, yanafanana mno na ya minyoo ya safura. Hadubini peke yake haiwezi kuamua. Kinyesi kisichotiwa dawa hutunzwa mpaka mayai yaanguliwe na lava wakue, ndipo maumbo yao yalinganishwe. Au DNA isomwe.

Anayetembelea hifadhi asiguse kinyesi cha sokwe: baadhi ya vimelea hivyo humwambukiza binadamu pia.