Mionzi: Kiasi Gani kwa Kila Kilo?



Kwetu Kasenyi, neno kobalti likitajwa mazungumzo hugeuka. Kiwanda cha Kasese kilianza mwaka 1999 kutoa kobalti katika mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, na hadi leo nasikia watu wakisema mabaki yale yana mionzi, basi matoke ya huko yana shaka. Kwa kuwa nasoma masomo ya Kiislamu, wengine hutaka niwaambie: halali au haramu?

Kwanza tutofautishe. Pombe huhukumiwa kwa aina yake: kilevi kidogo nacho ni haramu, hupimi. Sumu si hivyo. Sumu huhukumiwa kwa madhara, na madhara hufuata kiasi; ndiyo maana wako wanazuoni walioruhusu dawa yenye chembe ya sumu pale usalama wake unapojulikana. Mionzi imo katika fungu hili la pili. Kuuliza "ina mionzi au haina?" hakumfikishi mufti popote.

Kipimo chake ni bekereli, kwa jina la Mfaransa Henri Becquerel aliyegundua mionzi ya urani mwaka 1896. Bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde. Lakini bekereli bila uzito ni kama muuzaji anayekutajia bei asitaje kilo. Chukua ndizi. Gramu moja ya potasiamu, popote ilipo, hutoa bekereli 31 hivi. Kilo ya ndizi ina karibu gramu 4 za potasiamu, yaani bekereli 120 na ushee. Mkungu wa kilo 20 una karibu 2,500. Hesabu imekua, ndizi ni ile ile. Nawe msomaji, ukiwa na kilo 70, mwilini mwako mna zaidi ya bekereli 4,000 za potasiamu hiyo hiyo.

Sasa kobalti. Ile ya Kilembe ni kobalti 59. Haivunjiki, bekereli zake kwa gramu ni sifuri. Kobalti 60 ni nyingine, hutengenezwa kwa kuiweka 59 ndani ya tanuri la nyuklia, na gramu yake moja safi hutoa bekereli trilioni 42 hivi. Gramu ya urani 238 hutoa 12,400 tu. Sababu ni muda: urani hiyo hupungua nusu kwa miaka bilioni 4.5, kobalti 60 kwa miaka 5.27. Wengi hudhani kinachodumu ndicho kikali, kumbe ni kinyume. Kobalti 60 ndiyo iliyokuwa ndani ya mashine ya kutibu saratani pale Mulago, iliyoharibika mwaka 2016.

Je, mabaki ya Kilembe hayana neno? Yana neno, na hapa ndipo uvumi unaponikera. Shaba na kobalti huoshwa hadi Mto Nyamwamba, zikaingia mashambani. Madhara yake ni ya kikemia, na hupimwa kwa miligramu katika kila kilo ya udongo au mboga. Mtu akija na kifaa cha kupima mionzi, kobalti hiyo haitaonekana kabisa, naye ataondoka akisema shamba ni salama.

Kwa hiyo anayelima kando ya mto ule simjibu halali wala haramu. Namwambia apeleke udongo na mboga zikapimwe metali, si mionzi. Na maji ya kunywa ayatafute kwingine, kwani kuchemsha hakuondoi metali.