Programu Mpya katika Ofisi ya Mama Mdogo

Sisi wa Kidato cha Tatu tumefundishwa katika somo la kompyuta mtandao ni nini na anwani ni nini, na wengi wetu tuliyajibu maswali hayo vizuri katika mtihani. Mimi pia niliyajibu vizuri. Lakini katika likizo iliyopita nilifanya kosa ambalo alama zangu hazikunizuia kulifanya, na hasara yake haikunipata mimi, ilimpata mtu mwingine. Naona yafaa nilieleze hapa pamoja na sababu zake, ili mwenzangu asilirudie.

Mama yangu mdogo anakaa Morogoro. Kazi yake ni kuwaandikia wafanya biashara hesabu zao, na ofisi yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Chumbani humo mna kompyuta mbili, printa moja ya zamani isiyotumia waya, na ruta iletayo intaneti. Tena kuna vituo viwili vya waifai, kimoja ofisini na kimoja sebuleni. Fundi aliyeviweka vyombo hivi alitia katika kompyuta moja programu ya kuvisimamia vyote pamoja. Programu hiyo huonyesha chombo gani kimeunganishwa na kipi kimekatika. Ndiyo ipangayo anwani, na ndiyo itunzayo neno la siri la waifai. Kwa miaka kadhaa kazi ilikwenda sawasawa, wala hapakuwa na mtu aliyeifikiria.

Jioni ya tarehe 19 niliona katika kioo maneno yanayosema kwamba toleo jipya la programu lipo tayari. Mama mdogo alikuwa jikoni. Nikabonyeza. Toleo jipya likaingia, likazigeuza kumbukumbu za zamani ziwe za namna yake, kisha likauliza kama nataka kuanza na mipango inayopendekezwa. Nikabonyeza "Ndiyo" bila ya kusoma mistari iliyokuwa chini yake. Nikajaribu intaneti, ikafunguka upesi. Basi nikaenda kula, nikijiona fundi.

Siku ya pili ilikuwa tarehe 20, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka ritani za Kodi ya Ongezeko la Thamani za mwezi uliotangulia. Wateja wa mama mdogo huja siku hiyo kuzisoma hesabu zao katika karatasi na kutia sahihi kabla hajazipeleka. Saa mbili asubuhi walikuwa wamekwisha kukaa katika benchi barazani. Mama mdogo akaagiza karatasi ya kwanza, na printa haikuitika. Akaizima, akaiwasha, ikanyamaza vile vile.

Akaniita. "Mwanangu, umegusa nini humu ndani?"

"Nimeweka programu mpya tu, mama."

"Basi rudisha ile ya zamani, watu wanangoja."

Nikajaribu kuirudisha. Programu ya zamani ikakataa kufunguka, kwa sababu kumbukumbu zilikuwa zimegeuzwa, nayo haikuweza kuzisoma tena. Nakala ya zile za kwanza sikuwa nimeiweka. Nikarudi katika ile mpya nitazame mipango yake, nikakuta kila kitu kimehamishwa. Kifungo nilichokizoea hakipo, na ukurasa wa anwani umefichwa chini ya jina jingine. Jasho likaanza kunitoka.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe, kwa maana hapa ndipo penye somo.

Kila chombo katika mtandao kina anwani, nayo ni hesabu nne zenye nukta katikati, kila moja tangu 0 hata 255. Wataalamu wa intaneti walitenga mafungu matatu ya anwani kwa matumizi ya ndani tu, na fungu moja ni lile la anwani zote zianzazo na 192.168. Ndiyo sababu nyumba elfu zaweza kutumia anwani hizo hizo bila ya kugombana, kwani hazitoki nje ya mlango. Katika mtandao mdogo kama wa mama mdogo, hesabu tatu za mbele ni kama jina la mtaa, na ile ya mwisho ni kama namba ya nyumba. Vyombo vilivyo katika mtaa mmoja huzungumza vyenyewe kwa vyenyewe.

Kompyuta zake hupewa anwani na mtandao wenyewe kila zinapoungana. Lakini printa haikuwa hivyo. Fundi aliiandikia anwani yake ndani yake, nayo haibadiliki. Mipango niliyoikubali bila ya kuisoma ilibadilisha jina la mtaa. Kompyuta zikahama pamoja nao, kwa hiyo intaneti ilifunguka. Printa ikabaki katika mtaa wa zamani peke yake.

Hilo lilikuwa kosa moja. La pili lilikuwa katika ulinzi wa waifai. Tangu mwaka 2004 vyombo vingi vimetumia ulinzi uitwao WPA2, na mwaka 2018 ukatokea mwingine ulio imara zaidi, WPA3. Mipango mipya ilichagua WPA3 peke yake. Kompyuta zote mbili zaujua. Printa ya zamani haiujui, hivyo ilikuwa kama mgeni abishaye hodi kwa lugha isiyojulikana mle nyumbani.

Angalieni jinsi makosa mawili pamoja yanavyomdanganya mtu. Mama mdogo alikuwa na daftari, na ndani yake aliandika kwa kalamu ya risasi hesabu alizosomewa na fundi siku ya kwanza: printa, 192.168.1.50. Nikatazama katika programu, nikaona mtaa umekuwa 192.168.0. Nikaurudisha kuwa 192.168.1, nikaagiza karatasi, isitoke. Nikadhani kwamba hiyo siyo sababu, nikaufuta uponyaji wangu mwenyewe! Kumbe nilikuwa nimepata nusu ya dawa, na ile nusu ya pili ilikuwa haijatiwa.

Saa sita ikapita. Mama mdogo akaona hakuna njia nyingine; akamtuma binti yake dukani na flashi kwenda kuchapisha. Wateja wengine waliridhika. Mmoja hakupenda hesabu za duka lake zipite katika mashine ya mtu asiyemjua. Akalichukua faili lake kwa upole, akaaga, akaondoka. Na hata ninapoandika maneno haya hajarudi. Mama mdogo hakunigombeza. Ningefurahi zaidi kama angenigombeza.

Alasiri, watu walipokwisha kuondoka, akakaa karibu nami akauliza, "Jana ulibadilisha mambo mangapi?" Sikujua la kujibu. Basi tukaanza upya, tukibadilisha jambo moja moja na kuliandika. Tulipouweka ulinzi uwe WPA2 na WPA3 pamoja, taa ya printa iliyokuwa ikimetameta ikatulia. Karatasi haikutoka, lakini sasa tulijua kwamba printa imekwisha kuingia nyumbani, na kwamba iliyobaki ni anwani. Tukaurudisha mtaa wa 192.168.1, na karatasi ikatoka.

Mama mdogo akapumua, akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao. Programu mpya siitaki tena humu ndani maisha yangu."

Methali hiyo ni ya kweli, lakini hapa haitoshi, nami nilimweleza kwa heshima. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alitangaza kwamba WPA2 ina ufa. Mtu aliye karibu na waifai yako angeweza kuupitia ufa huo na kusoma baadhi ya mambo yanayopita hewani. Dawa yake ilikuja kwa njia ya matoleo mapya ya programu za vyombo. Aliyekataa kila jipya aliukaa na ufa ule wazi, na pengine hesabu za wateja wake zilikuwa wazi pia. Kwa hiyo si toleo jipya lililotuumiza. Tuliumia kwa sababu nililipokea bila ya kujiwekea njia ya kurudi.

Haya basi ndiyo niliyojifunza, na kila mmoja aweza kuyafuata.

Kwanza, kabla ya kubonyeza, weka nakala ya mipango ya zamani, na nakala hiyo ikae nje ya kompyuta ile, katika flashi au mahali pengine salama.

Pili, andika katika daftari anwani za vyombo vyako na mipango ya waifai. Karatasi hufunguka hata siku ambayo programu imekataa.

Tatu, soma yale yanayobadilika, hasa pale unapoambiwa kwamba yanapendekezwa. Aliyeyapendekeza hajaiona printa yako.

Nne, chagua siku isiyo na kazi. Siku ya kuamkia tarehe 20 si siku ya majaribio.

Tano, ukimaliza, jaribu kila chombo, wala usiridhike na intaneti peke yake. Na ukikuta kosa, badilisha jambo moja, litazame, liandike, ndipo ulifuate la pili.

Wenzangu wanafunzi, katika nyumba nyingi sisi ndio tunaoitwa kutengeneza simu na kompyuta, kwa sababu vidole vyetu ni vyepesi. Wepesi wa vidole si ujuzi. Nanyi wazazi wetu, mtoto akisema "ni kubonyeza tu", mwulizeni kwanza nakala iko wapi. Kama hana jibu, asibonyeze.

Kabla ya likizo kwisha toleo jingine lilitokea. Tulingoja Jumamosi, tukaweka nakala, tukafungua daftari, mama mdogo akisoma nami nikibonyeza. Kazi ilichukua saa nzima, ambayo zamani ningeiona ni saa ya kupotea bure. Kisha akaagiza karatasi moja, ikatoka, naye akaitia katika faili lake la kwanza la Jumatatu.