Somo kwa Vyama vya Msingi: Ufunguo wa Mtambo na Uhai wa Mwendeshaji

Pasiansi iko kando ya barabara itokayo Mwanza mjini kwenda uwanja wa ndege, katika wilaya ya Ilemela yenye viwanda na maghala mengi. Kijana wa hapo atafutaye kazi aweza kukabidhiwa mtambo wa kuhamisha shehena isiyofungwa katika magunia: mahindi, mpunga, saruji au mbegu za pamba.

Kazi hiyo si ngeni kwa wanaushirika. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955, liliwapatia wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa viwanda vyao wenyewe vya kuchambulia. Katika kila kilo 3 za pamba mbegu, karibu kilo 2 ni mbegu, nazo huhamishwa kwa mikanda, parafujo na mabomba ya upepo.

Kuwasha na kuzima

Mwendeshaji huwasha kwanza mtambo wa mwisho, ule umwagao shehena ghalani, kisha hurudi nyuma mmoja baada ya mwingine hadi shimo la kupokelea. Akianza na wa kwanza, shehena itarundikana mbele ya mtambo uliosimama, mkanda utakatika au mota itaungua. Wakati wa kuzima, hufunga kwanza mlango wa shimo, akauacha kila mtambo umalize kumwaga kabla ya kuuzima.

Hatari iliyojificha

Nafaka inapotolewa chini ya kihenge, ile ya juu hutiririka kuelekea katikati kama maji yaingiayo mrijani. Mtu aliyesimama juu yake hunaswa miguu kwa sekunde chache, na hufunikwa kabla mwenzake hajaifikia swichi. Aliyezama hadi kifuani havutwi kwa kamba. Uzito wa nafaka humshikilia, na kumvuta kwa nguvu humvunja. Njia iliyo salama ni kusimamisha mtambo, kumzungushia mbao, na kuichota nafaka iliyo ndani ya mbao hizo.

Nafaka yenye unyevu huongeza hatari. Mahindi yanayozidi unyevu wa asilimia 13.5 huweza kushikamana yakafanya ganda juu, na chini yake pakawa patupu. Mbegu za pamba zenye manyoya hushikamana vivyo hivyo. Anayekanyaga ganda hilo huanguka nalo.

Vumbi nalo ni baruti. Mwezi Desemba 1977 huko Marekani, ghala la nafaka la Westwego lililipuka na kuua watu 36. Siku tano baadaye lile la Galveston nalo likalipuka. Kwa hiyo vumbi hufagiwa kila zamu, na hapavutwi sigara wala kuchomelewa chuma mahali penye vumbi.

Kanuni ya kufuli

Kabla mtu hajaingia kihengeni au kutia mkono katika parafujo:

1. Mtambo uzimwe, na swichi kuu ifungwe kwa kufuli.
2. Ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingia, si kwa msimamizi.
3. Swichi ya kuwashia ijaribiwe, kuhakikisha mtambo hauwaki.
4. Anayeingia afungwe mkanda na kamba, na mwenzake abaki mlangoni akimwona.

Wajibu wa Katibu

Katibu wa chama haendeshi mtambo, lakini neno lake huuharakisha. Msimu wa mavuno, magari yakiwa foleni na wanachama wakinung'unika, mwendeshaji huambiwa azibue mtambo huku ukizunguka ili dakika kumi ziokolewe. Haraka haraka haina baraka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri dhamana ya usalama wa mfanyakazi. Chama chenye mtambo ni mwajiri. Bei ya kufuli ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara ya kumpoteza mtu, hivyo na iandikwe katika makisio ya kila mwaka.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Katika ghala letu, ni nani hushika ufunguo mtambo unaposafishwa?
2. Je, mwendeshaji wetu aweza kukataa kuingia kihengeni bila kufuli, asipoteze kazi yake?
3. Mara ya mwisho vumbi lilifagiwa lini?