Mbu wa Mchana

Kwetu ni Keko, na nia yangu ni kusoma udaktari. Kwa hiyo kila nisikiapo habari za maradhi mjini hutaka kujua yanavyoenda. Leo naeleza machache juu ya dengue, ambayo wengi huiita kidingapopo. Ilienea Dar es Salaam mwaka 2014, ikarudi mwaka 2019.

Huenezwa na mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni. Yeye huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi. Basi chandarua hakimkingi fundi seremala wa Keko apigaye randa saa mbili asubuhi! Hutaga mayai penye maji yaliyotuama: mtungini, ndani ya kopo, kifuu au tairi bovu. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi, yakingoja mvua. Kumwaga maji hakutoshi. Ni lazima kusugua chombo.

Mwaka 2019 dada yangu alishikwa na homa, macho na viungo vikamuuma. Mama alikuwa keshanunua aspirini. Muuguzi jirani yetu akamwambia, “Mama, hiyo usimpe.” Dengue hupunguza chembe zinazogandisha damu, nayo aspirini huzidi kuzidhoofisha, mgonjwa akavuja damu. Akapewa parasetamoli na maji mengi. Siku ya nne homa ikashuka, sote tukafurahi isipokuwa muuguzi. Alisema hatari huja hasa wakati huo: tumbo likiuma sana, mgonjwa akitapika mfululizo au fizi zikitoka damu, apelekwe hospitali saa ile ile.