Makasha ya Darasa: Kila Kitu na Mahali Pake



Darasa lenu la watu wazima lina vitabu vingapi? Usiku vinalala wapi? Kama vimerundikwa sakafuni, kando ya ukuta wa udongo, mchwa watavisoma kabla yenu.

Hapa Kamanga, wanakisomo huja darasani baada ya kazi ya shamba au ya uvuvi. Muda wao ni mfupi. Robo saa ya kutafuta chaki ni robo saa iliyopotea. Na kitabu kikiliwa na panya, mwanakisomo hukosa cha kusoma. Asiyesoma kwa muda mrefu husahau alichojifunza.

Tusingoje kabati. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 Ukerewe, katika ziwa letu hili, ilikuwa moja ya wilaya zilizochaguliwa kutangulia kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Siku zile watu wengi walisomea chini ya miti. Kisomo hakikusubiri kabati.

1. Chagueni chombo

Ombeni katoni tupu za sabuni dukani. Tafuteni ndoo kuukuu ya rangi, kopo la maziwa ya unga au kikapu. Katoni inafaa mahali pakavu. Wakati wa mvua, ndoo yenye kifuniko hutunza vitabu vizuri zaidi. Kopo linafaa kwa kalamu. Gongeni kwa jiwe kingo zake kali zisikate mtu.

2. Jihadharini na sumu

Mkoa wetu hulima pamba, na pamba hupigwa dawa ya wadudu. Msitumie kamwe chombo cha dawa hiyo, hata kama kimeoshwa mara nyingi. Sumu hubaki ndani. Mtu hushika kalamu, kisha hushika chakula au mtoto.

Kabla ya kuchukua chombo, someni maandishi yake. Tazameni kama kina picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Tazameni kama kina neno SUMU au HATARI. Mkiona hivyo, msikichukue. Chombo hicho kitobolewe kisitumike tena, na kisitupwe ziwani. Mwulizeni bwana shamba kipelekwe wapi.

3. Pambeni

Tengenezeni gundi. Chukueni kikombe kimoja cha unga wa muhogo na vikombe vinne vya maji. Korogeni unga kwa maji baridi kidogo. Maji yaliyobaki yachemsheni, kisha mimineni unga humo mkikoroga mpaka uwe kama uji mzito. Acheni upoe.

Pakeni gundi, mbandike kurasa za magazeti ya zamani juu ya katoni, tabaka mbili au tatu. Kila tabaka likauke kwanza. Katoni itakuwa ngumu. Gundi hii haishiki vizuri kwenye plastiki, kwa hiyo ndoo ivisheni kitambaa cha gunia na kukifunga kwa kamba.

Rangi tunazo. Chokaa ni nyeupe. Udongo mwekundu uchekecheni. Mkaa usageni upate nyeusi. Changanyeni na gundi kidogo. Darasani wamo akina mama wasukao vikapu, nao wanajua kupanga mistari na rangi. Waombeni waongoze kazi hii. Siku hiyo wao ndio walimu.

4. Andikeni majina

Juu ya kila kasha chora picha, kisha andika jina kwa herufi kubwa: VITABU, CHAKI, KALAMU, MAGAZETI. Aliyeanza kisomo jana atafuata picha. Baada ya siku chache atatambua neno lenyewe. Mapambo yasifunike maneno.

5. Tunzeni

Wekeni makasha juu ya matofali au mawe, mbali kidogo na ukuta, ili mchwa wakianza kupanda waonekane. Gundi ya unga hupendwa na panya na mende. Kwa hiyo kagueni makasha kila wiki.

Ndani ya kila kifuniko bandikeni karatasi yenye idadi ya vitu. Anayeazima kitabu aandike jina lake mwenyewe. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari.

Maswali ya kujadiliana

1. Vitabu vya darasa letu viko wapi sasa? Vimeharibika vingapi, na kwa sababu gani?
2. Kwa nini kuosha chombo cha dawa ya pamba hakutoshi?
3. Kuna vyombo vya dawa vinavyotumika majumbani kuwekea maji au chakula? Tutafanya nini?

Kazi ya kufanya

Kila mwanakisomo alete chombo kimoja. Kabla ya kukipokea, someni pamoja maandishi yaliyo juu yake.